Sehemu ya Sita ya Kivuko cha Theluji

Nukazawa, 21 Aprili 2002

Dada Itsuyo,

Habari za Kanazawa? Maua ya mcheri huko nadhani yameshapukutika na watu wamerudia kulalamika kama kawaida yao. Huku kwetu theluji bado imelala nyuma ya vyoo vya shule, nyeusi kama makaa, haitaki kwenda. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisimanga kila nipandapo ngazi. Shemeji yako Kesao anakusalimu. Ameanza kupogoa mitofaa, na kila jioni ananiapia kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho shambani, kama alivyoniapia mwaka jana na mwaka juzi. Nimekufungia figili za kukaushwa kwa moshi. Mihoko hajambo? Mwambie mama yake mdogo anamuulizia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe na mimi, tangu mazishi ya mama, tukishika simu tunagombana kabla hatujamaliza kusalimiana. Barua angalau haipigi kelele.

Haya, sasa neno lenyewe. Mwaka huu serikali imeagiza kila shule ya sekondari ya chini iwafundishe watoto chombo kimoja cha muziki wa mababu. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Obonai, akaja mpaka shambani, viatu vya mjini vimejaa tope, akasema, "Mama Nobue, nasikia wewe umezaliwa ndani ya koto." Nikamjibu kwamba nimezaliwa hospitali kama yeye, ila kweli, nyumba yetu inafundisha koto tangu enzi za babu wa babu. Basi wakanitafutia koto sita kwenye stoo ya halmashauri. Moja panya wameitafuna upande wa mkiani.

Siku ya kwanza darasa la mwaka wa tatu lote liliingia likisukumana. Wakana, binti wa mwenye kituo cha petroli, akaiangalia ile mbao ndefu ya nyuzi kumi na tatu akauliza, "Mwalimu, na hili jeneza ni la nani?" Wakacheka mpaka nikacheka na mimi. Leo huyohuyo Wakana ndiye anayebaki kengele ikishalia, anasogeza vidaraja chini ya nyuzi, anasikiliza, anasogeza tena.

Mwalimu wa lugha amewasomesha maneno ya *Kivuko cha Theluji* kama shairi, nami nawafundisha kuyapiga. Unaona ninakoelekea. Mimi mama alinipa sehemu tano. Ya sita alikupa wewe peke yako, mrithi wa nyumba. Nakuomba unifundishe, dada. Tamasha la shule ni Novemba, na ningependa watoto wafike mwisho wa wimbo walioupenda.

Mdogo wako,
Nobue

*

Kanazawa, 3 Juni 2002

Kwa Nobue,

Mvua za mwezi huu zimeanza mapema na kuta zinatoa jasho. Figili tulizipokea, ahsante. Afya yangu ni ya kuridhisha. Mihoko anajinoa usiku na mchana, maana Novemba ni kumbukumbu ya mama ya mwaka wa kumi na tatu, na kama desturi ilivyo mrithi atapiga *Kivuko* peke yake mbele ya madhabahu, milango imefungwa, sehemu zote sita. Hana nafasi ya kuandika barua.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka hasira inipungue. Haijapungua.

Niliposoma kwamba watoto wa shule wanapiga *Kivuko*, bila shaka wamekaa kwenye viti, nilidhani unatania. Halafu nikaona kwamba hutanii. Wamevaa kucha za kupigia za plastiki, sivyo? Na magoti yao hayajui sakafu. Nobue, wimbo ule haufundishwi mtu ambaye kibao cha jina lake hakijatundikwa kwenye ukuta wetu. Wewe kibao chako kipo, kimeandikwa Setsuka, jina alilokupa mama kwa mkono wake. Jina hilo lina masharti, na uliyaapia.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu sehemu ya sita ni hapana, na kuhusu hizo nyingine tano ni kwamba uache. Wafundishe nyimbo za watoto. Zipo nyingi.

Msalimie shemeji.

Itsuyo

*

Nukazawa, 18 Juni 2002

Dada Itsuyo,

Salamu zako kwa Kesao nimezifikisha. Akauliza, "Dada yako amekasirika?" Nikamwambia hapana, anaandika hivyo. Huku ni manyunyu, vyura wanakesha. Goti linaendelea na kazi yake.

Ndiyo, wanakaa kwenye viti. Wana umri wa miaka kumi na minne, na jukwaa la ukumbi wa michezo limejaa vibanzi. Ndiyo, kucha ni za plastiki. Wa nyumba ya petroli, wa duka la dawa, wa mashamba ya mpunga, wote wana plastiki, na wote wanajua sasa sauti ya uzi uliokaa sawa. Ukutani kwako kuna vibao vingapi ambavyo wenyewe wako hai? Sikuulizi kwa kejeli. Haya, nakuuliza kwa kejeli.

Wewe unasema wimbo ni wa nyumba. Mimi nakwambia wimbo umeingia watoto kooni. Wanabishana juu ya yule mwanamke. Amewakimbia wakwe zake, amefika mtoni, theluji inaanguka, mvushaji ameshika kamba anamngoja, na sehemu ya tano inaishia ameweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Wakana ananifuata mpaka kwenye baiskeli: "Mwalimu, alivuka au hakuvuka?" Namwambia jibu liko sehemu ya sita. "Sasa si utuambie?" Namwambia siijui. Akanitazama hivi, dada, kama mtu aliyeuziwa yai viza. "Mwalimu umeupiga wimbo huu maisha yako yote na hujui unavyoisha?"

Hujui ilivyonichoma. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano mama alipokuita chumba cha nyuma. Mimi akanituma kununua tofu. Sikwenda. Nilisimama kwenye ujia, sikio ukutani, nikijiambia nitaiba hata mistari miwili. Sikusikia hata uzi mmoja. Nikadhani mmezitandikia nyuzi kitambaa ili nisisikie, na hilo likaniuma kuliko kunyimwa. Ulipotoka uso ulikuwa mweupe, ukanipita bila neno. Mwaka uliofuata nikakubali posa ya kwanza iliyokuja kutoka mbali. Kesao hajui, na usimwambie.

Nakuomba tena. Ukitaka nitakuja mwenyewe nipige magoti, hili bovu pamoja na zima.

Nobue

*

Kanazawa, 20 Agosti 2002

Kwa Nobue,

Siku za kuwapokea wafu zimepita. Nililisafisha kaburi peke yangu, jua likiwa kali, na mtawa akauliza mdogo wangu yuko wapi. Nikasema goti. Mihoko pia hakuweza kufika, alikuwa na mafua. Joto la mwaka huu halina adabu.

Barua yako ya Juni niliisoma zaidi ya mara moja. Sikuijibu, na sasa naijibu.

Sikujua kwamba ulikuwa kwenye ujia. Mama alijua, nadhani. Aliniambia nitoke taratibu.

Nimefikiri hivi. Mimi sasa ni mtu mzima na nyumba hii ni kubwa. Kama mrithi kwa sababu yoyote hatakuwa tayari Novemba, lazima awepo wa damu yetu anayejua. Niko tayari kukufundisha sehemu ya sita. Lakini nyumba ina utaratibu wake, na siwezi kumpa mtu anayeimwaga mbele ya watoto wa petroli. Waache. Mwambie mwalimu mkuu umeshindwa kwa sababu ya afya. Njoo kabla ya kumbukumbu, tuingie chumba cha nyuma, nitakupa kama mama alivyonipa mimi. Baada ya hapo hutaipiga nje ya nyumba hii.

Utakapoijua utanielewa kwa mengi. Sisemi zaidi kwenye karatasi.

Itsuyo

*

Nukazawa, 29 Septemba 2002

Dada Itsuyo,

Mpunga umeiva vizuri mwaka huu, na matofaa yameanza kupata wekundu. Kesao anaumwa mgongo. Mimi nimepungua kidogo, sili vizuri.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Nilikuwa nikiichukua mpaka shambani, naisoma kati ya mitofaa kama msichana mwenye barua ya mchumba. Una haki ya kunicheka.

Nimekubali.

Ijumaa niliingia darasani nikawaambia kwamba afya yangu hainiruhusu, kwamba kwenye tamasha wataimba kwaya na mwalimu wa piano. Wengine walishusha pumzi, maana nyuzi zinaumiza vidole. Wakana alisimama. "Mwalimu unaumwa nini?" Nikasema goti. "Koto inapigwa kwa goti?" Darasa likacheka, yeye hakucheka. Nikawaza, nisimdanganye kabisa, basi nikamwambia wenye wimbo wamenitaka niache, na nikiacha watanifundisha mwisho wake. Akafunga mfuko wa kucha zake taratibu, akaniwekea mezani. "Kumbe hata mwalimu ana bei," akasema.

Nimefundisha watu wazima, nimefundisha wake za madaktari. Sijawahi kuambiwa neno kama lile.

Nitakuja Novemba. Nimengoja miaka mingi mno, dada. Usinibadilikie.

Nobue

*

Kanazawa, 9 Oktoba 2002

Mdogo wangu Nobue,

Barua yako imenifikia asubuhi na nakujibu asubuhi hiihii. Umefanya vyema. Mtoto yule atasahau, watoto husahau.

Nimetoa magodoro ya wageni nikayaanika. Wafanyakazi wa bustani wataanza kuifungia misonobari kamba za kuzuia theluji isivunje matawi mwanzoni mwa Novemba, wewe ulikuwa ukipenda kuwatazama ulipokuwa mdogo, ukiwahesabia kamba kwa sauti mpaka wanakosea. Nimeagiza zile keki za mchele zenye kokwa za jozi. Duka bado lipo, mwenye duka ni mtoto wa yule mzee aliyekuwa akikuita Kelele. Kaa wa Novemba nao watakuwa wameingia sokoni, tutakula wawili.

Sijawa na mtu wa kuzungumza naye juu ya jambo hili tangu mama afe. Hata kabla.

Vaa nguo nzito.

Dada yako

*

Nukazawa, 27 Oktoba 2002

Itsuyo,

Sikusalimu. Nimejaribu mara tatu kuanza na hali ya hewa na kalamu imekataa.

Jana Mihoko alinipigia simu. Si kutoka kwenu. Yuko Nagoya, anafanya kazi kwenye kampuni ya bima tangu Aprili, hajagusa koto tangu Machi. Kwa hiyo yale mafua, na kule kujinoa usiku na mchana, yote ulinitungia. Hilo ningekusamehe, mama yeyote hufunika aibu ya nyumba yake. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini uliondoka?" Akacheka vibaya. "Mama mdogo, hukuambiwa? Mama alinipa sehemu ya sita."

Akanieleza. Ulimwita chumba cha nyuma, ukafunga milango. Mkakaa juu ya magoti, koto katikati yenu. Akangoja uanze. Hukuanza. Mkakaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha ukamwambia: hakuna. Wimbo unaishia sehemu ya tano, umeishia hapo tangu ulipotungwa. Sehemu ya sita ilibuniwa na babu mmoja ili wanafunzi wawe na kitu cha kutamani, na mrithi awe na kitu cha kuwazidi. Sasa unajua, ukamwambia, na utanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Akainuka akaenda kufungasha.

Ndiyo maana sikusikia kitu kwenye ule ujia.

Itsuyo, mimi nilihama kwa ajili ya chumba kitupu. Niliolewa na mtu ambaye sikumjua, nikajifunza kuzibua theluji paani, nikazika mimba mbili huku bila dada wala mama karibu, na miaka yote hiyo nikijiambia, sawa, yeye alipewa kwa sababu alistahili, mimi sikustahili. Na mwezi uliopita umenifanya niwauze watoto wa watu kwa hicho ambacho hakipo. Ulikuwa ukinianikia magodoro! Mficha uchi hazai, nawe umeuficha mpaka binti yako mwenyewe amekukimbia.

Usiniambie ulitaka kunieleza ukweli. Ungeweza kuuandika kwa mstari mmoja, bila kuniwekea sharti.

Siji. Jumatatu narudi darasani kama watanipokea, na watapiga *Kivuko* chote, sehemu zake zote tano. Hizo figili zilizo kwenye kifurushi nilizifunga kabla ya simu, na Kesao keshazipeleka posta. Uzile au uzitupe.

Nobue

*

*Kadi iliyochapishwa, yenye ukingo wa kijivu*

Kanazawa, 8 Novemba 2002

Kwa wanafunzi na marafiki wote wa Nyumba ya Murotani.

Tunawaarifu kwamba Murotani Setsuka, kwa kuvunja masharti ya nyumba, ameondolewa jina lake kuanzia leo. Kibao chake kimeshushwa. Lolote atakalolipiga au kulifundisha halina uhusiano wowote na nyumba hii. Tunaomba msishirikiane naye katika sanaa.

Mkuu wa Nyumba

*Chini, kwa mkono:* Figili zimefika. Umezidisha chumvi.

*

Nukazawa, 24 Novemba 2002

Dada Itsuyo,

Theluji ya kwanza imeanguka juzi, haikukaa. Kesao amemaliza kuvuna na kuapa. Kadi yako niliipata, na wale wapiga koto watatu wa mji wa Akita waliokuwa wakinialika kwenye maonyesho yao kila majira ya kuchipua wameipata pia. Mmoja alipokutana nami stesheni alitazama saa yake mpaka nikapita. Basi ndivyo ilivyo. Nilidhani nitalia, lakini nilipanda juu kuondoa majani kwenye mfereji wa paa.

Kumbukumbu ya mama nilimwashia ubani hapa nyumbani. Sijui wewe ulikaa na nani. Nilitaka kutouliza, na nimeuliza.

Watoto walinipokea. Siyo kwa furaha. Wakana alikaa koto ya mwisho, ile iliyotafunwa na panya, hakuzungumza nami wiki nzima, ila vidole vyake vilikuwa sawa kuliko vya wote. Siku ya tamasha walipiga kwa zamu, koto sita, wengine wakiimba. Kwenye sehemu ya tatu mmoja alidondosha ukucha ukabingirika jukwaani na bibi mmoja wa mstari wa mbele akauokota akaenda kumvalisha. Walipofika pale mwanamke anapoweka mguu mtumbwini, wakaishusha mikono. Ukumbi ukapiga makofi mpaka Bwana Obonai akatoa leso. Mimi nilisikia kwa masikio yangu kwamba wimbo umekwisha. Unaishia pale kweli, dada. Hauhitaji neno jingine. Mtunzi alijua alichokuwa akifanya, na sisi tumemharibia.

Baadaye tulikuwa tunafunga koto kwenye vitambaa, na wakanizunguka. "Haya mwalimu, sasa tuambie. Alivuka?" Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa na hasira yangu tayari mdomoni, nimeipanga maneno: hakuna sehemu ya sita, ni uongo wa watu wenye nyumba kubwa. Nikafungua mdomo, nami nikakuona wewe ukitoka chumba cha nyuma, una miaka thelathini, uso mweupe, na mimi nimesimama pale nakuchukia kwa bahati yako. Nikawaza jinsi ulivyonipita bila kusema. Nikawatazama wale watoto, nyuso zinang'aa namna ile, wanataka.

Nikasema, "Iko, lakini anaijua dada yangu peke yake, yuko Kanazawa."

Ndivyo nilivyosema. Mimi niliyekutukana kwa barua nzima. Hukuniomba, umenifukuza, jina umeninyang'anya, na bado mdomo wangu umekwenda kukulindia chumba kitupu. Sikufanya kwa ajili yako, usinishukuru. Nilishindwa tu. Nadhani na mama alishindwa, na aliyemtangulia. Tangu siku ile najidharau kuliko nilivyowahi kukudharau wewe.

Wakana ndiye aliyebaki nyuma, kama zamani. Alinisaidia kubeba koto ya mwisho hadi stoo, akanisamehe kwa namna yao, yaani akaniomba lifti. Kwenye gari la Kesao akaniambia ameshaongea na baba yake. Akimaliza shule Machi, hataki kwenda sekondari ya juu ya mjini. Anataka kuja kwako. Atapiga magoti kwenye sakafu kama wanavyotaka wenyewe, atafagia, atafua, hata miaka kumi, mpaka akubaliwe afundishwe sehemu ya sita. "Nitakuja kukuambia inavyoisha, mwalimu," akasema, "bure, bila bei."

Nilipaswa kusimamisha gari. Sikusimamisha.

Atafika kwako mwezi wa nne, msichana mrefu, nywele fupi, ana harufu kidogo ya petroli. Ana sikio zuri kuliko wewe na mimi. Mimi nimeshindwa kumwambia kwamba haipo, na nimebakiwa na wewe tu duniani wa kumwambia badala yangu. Akipiga hodi, dada, mwambie palepale mlangoni, kabla hajavua viatu.

Nobue